Mama Xavérine, Mwalimu wa Watafutaji

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwashauri wafanyabiashara wadogo, Mama Xavérine Mukandekezi anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1993. Mtaa wetu mzima wa Rwezamenyo unamjua. Sisi wenzake wa kituo cha ushauri na ushonaji bado hatujui Jumanne zitakuwaje.

Alianza kwa kufundisha ushonaji. Punde akagundua kwamba wanafunzi wake walitaka zaidi ya kushona: walitaka kutajirika, na waliogopa kwamba kutaka hivyo ni dhambi. Ndipo akaanzisha somo lake la Jumanne. Kila mmoja alifumba macho na kumweleza Mungu kimoyomoyo mali anayoitafuta ni ya nini. Wakatoliki na Waislamu walikaa benchi moja. Twahiru, muuza makaa, alizoea kukoroma katikati ya ukimya huo, na Mama alitukataza kumwamsha. "Mwacheni," alisema, "huyo ndiye pekee aliyemwachia Mungu kila kitu."

Mwaka 1991, vita vilipokuwa vimedhoofisha biashara, mhubiri mmoja mgeni alikuja mtaani akiahidi utajiri kwa yeyote atakayetoa sadaka kubwa. Mama aliwaonya wanafunzi wake. Wakasema ana wivu. Ikafika Jumanne akabaki na Twahiru peke yake. Siku hiyo tulimkuta akilia kwenye chumba cha vyerehani. Alifuta machozi, akaenda kufundisha.

Mhubiri alipotoweka, wa kwanza kurudi alikuwa Claudette, fundi hodari aliyeuza cherehani chake ili atoe sadaka. Alisimama mlangoni, asiingie.

"Mama, ulituambia," alisema.

"Umekula?" Mama akamuuliza.

Kesho yake Mama alishuka kutoka kwake Gatsata amejitwika cherehani chake mwenyewe, akamkabidhi. "Mungu hakukukasirikia. Anza tena, mwanangu." Leo Claudette ana duka lake, na vitenge tulivyovaa kwenye sherehe hii vimeshonwa humo.

Mama anahamia Ndera kwa dada yake, kulima maharage na, kwa maneno yake, kulala mpaka jua limchoke.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kutafuta bila kupoteana. Mkataba wa amani umeshatiwa saini na mvua imenyesha vizuri. Tunakuombea mwaka 1994 ukukute shambani, mzima wa afya, na watu wako wote wakiwa karibu nawe.