Leza ya Nyamahanga na Kioo cha Mzee Luhende

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kupima hewa, Ndugu Ansbert Privatus anastaafu tarehe 30 Juni 1979. Alianza kwa kupima mvua na kukadiria ukungu kwa macho. Anamaliza akiwa fundi wa leza katika kituo chetu cha utafiti, Nyamahanga.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: leza hurusha mwanga hadi kwenye kioo kilichowekwa juu ya kilima cha pili, nao hurudi. Kila gesi hufyonza rangi yake ya mwanga, na kinachopungua njiani hutuambia hewani kuna nini. Hivyo Ndugu Ansbert alipima moshi wa mapori bila kunyanyuka kitini. Kitambi kile hakikuja bure.

Novemba iliyopita, vita imepamba moto, asubuhi moja mwanga haukurudi kabisa. Mtambo ulisema hewa imeziba. Siku zile kila mtu alikuwa na hofu ya ndege za vita, na Ndugu Ansbert akaamini ni gesi ya sumu. Akatuma habari kijiji cha ujamaa kilicho chini ya kilima kile kihame mara moja. Watu wakafunga mizigo. Lakini binti yake, Zita, alikuwa kwenye zahanati ya kijiji hicho hicho, ameshikwa na uchungu, na hakuweza kusafirishwa.

Hapo alinyanyuka. Alipanda baiskeli, kitambaa kilicholowa kikiwa puani, akaifuata sumu aliyoitangaza mwenyewe, hadi kilimani kwenye kioo. Kileleni alimkuta mlinzi wa kioo, Mzee Luhende, mfugaji aliyetoka Shinyanga, anamalizia kukikandika kioo kwa samadi mbichi. Amri ilikuwa imetoka kwamba kila kinachong'aa kifunikwe, ndege za adui zisikione. Mzee alikuwa ametii, tena kwa ufundi, kama anavyokandika nyumba yake. Ndugu Ansbert alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akakaa chini akalia.

Watu walirudi majumbani, wengine wakinung'unika, na alipita kila nyumba kuomba radhi. Tangu hapo hakuna taarifa ya hatari inayotoka hapa kabla mtu hajaenda kunusa. Vita ilipokwisha, Mzee Luhende alikiosha kioo mwenyewe kwa sabuni.

Ndugu Ansbert, tunakushukuru. Nenda kwenu Kirushya kwenye migomba na maharage yako, ukae kwa amani na afya. Tutakukumbuka sana. Mjukuu wako sasa anatambaa. Hewa aliyoanza kuivuta siku ile, ulikwenda kuivuta wewe kwanza.