Mama Gulbanu na Kaunta Iliyopitwa na Watu Wenye Njaa

Na Divin Ndayizeye, kwa niaba ya wafanyakazi wa msimu

Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 2013, siku ambayo Bustani ya Michezo na Hoteli ya Larkspur itafunga milango yake kupisha majira ya baridi, Mama Gulbanu Madatali atavua aproni yake baada ya misimu kumi na mitatu ya utumishi. Katika muda huo amewatii mameneja ambao majina yao yameshatutoka, ameungua mikono, ameharibu viatu, na amewapikia wageni chakula kilicho bora kuliko chochote kinachouzwa ndani ya uzio ule. Tunaandika hayo bila kupepesa macho. Tunayaandika kwa uchungu vilevile, kwa sababu wengi wa wageni hao walipita mbele ya kaunta yake wakiwa na njaa, wakaenda kula vibaya kwingine, na wakalipa zaidi.

Mama Gulbanu ni mzaliwa wa Tabora, binti wa mwenye duka. Aliwasili Toronto na mumewe katika miaka ya tisini, wakapanga nyumba katika mtaa wa Crescent Town, na hajahama hadi leo. Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Crescent Town mpaka Larkspur, kwa treni ya chini ya ardhi kisha mabasi mawili, anafahamu kwamba safari hiyo peke yake ni kazi inayostahili mshahara. Aliajiriwa Mei 2001 kuosha masufuria. Msimu uliofuata akapandishwa cheo, kama kupanda ndiko huko, akawekwa kukaanga chipsi katika jiko dogo lililo nyuma ya treni ya mbao, ile inayopanda na kuporomoka huku abiria wakipiga mayowe. Jiko hilo lilikuwa la zamani kiasi kwamba lilitumia gesi wakati majiko mengine yote ya bustani yalikuwa ya umeme. Uongozi ulikusudia kulibadilisha. Kwa bahati nzuri, uongozi wa Larkspur hukusudia mengi.

Kisha ukaja mwezi Agosti 2003, alasiri ile umeme ulipokatika Toronto nzima na miji mingine mingi. Wenye kumbukumbu watakumbuka: treni zikasimama, mashine za aiskrimu zikaanza kuvuja, soseji zikapoa ndani ya vyombo vyake vya kioo, na maelfu ya wageni wakabaki wanazunguka na watoto wanaolia. Moto uliwaka mahali pamoja tu. Chipsi zilizogandishwa zilikuwa zimeyeyuka na kuwa uji, kwa hiyo Mama Gulbanu akafungua kile alichokuwa amekileta kwa ajili ya chakula cha wenzake wa zamu: muhogo aliouchemsha nyumbani kwa chumvi na manjano, na sufuria la mbaazi za nazi. Akaukaanga muhogo mpaka ukawa na ganda la dhahabu, akaukamulia ndimu, akaunyunyizia pilipili ya unga. Walipoonja wa kwanza, wakaitana. Wakarudi. Wakalamba vidole. Mbaazi ziliisha kabla jua halijazama, na watu wakakwangua ukoko wa sufuria.

Tafakarini jambo hilo, ndugu zetu. Ilibidi nchi iingie gizani ndipo watu waonje muhogo! Na umeme uliporudi, wakarudi kwenye soseji.

Hata hivyo uongozi ulikuwa umeona, na kwa mara moja katika historia yake ukafanya jambo la maana: ukamkabidhi Mama Gulbanu kaunta ya jiko lile. Tangu hapo ubao wake umekuwa na vyakula ambavyo tungependa vifundishwe shuleni. Kulikuwa na kuku wa nazi, aliyechomwa kwanza kwenye moto wa wazi ndipo akatumbukizwa kwenye mchuzi mzito wa manjano. Kulikuwa na mbaazi za nazi kwa mahamri yenye iliki. Kuna kachori za viazi, za duara, zenye ndimu ndani, ambazo mtoto wa miaka minne hula tatu bila kugundua kwamba mwenzake anapanda farasi wa kuzunguka. Kuna juisi ya ukwaju, ambayo katika joto la Julai hufanya kile ambacho hakuna soda iliyowahi kukifanya. Na juu ya vyote, muhogo. Wala hakujipendelea. Mgeni aliyetaka kitu cha moto asubuhi ya baridi ya Septemba alimwelekeza kwenye supu ya njegere ya hoteli yetu, supu ya kweli yenye mfupa wa nyama ndani yake, ambayo huwekwa mwisho kabisa wa meza pale mkahawani, nyuma ya chombo cha nafaka za kuliwa na maziwa, kana kwamba ni aibu ya familia.

Sasa tuulize: kwa nini mtu anayelipa kiingilio kikubwa namna ile, akasimama juani saa nzima, akubali kupewa soseji iliyolala kwenye maji tangu alfajiri? Kwa nini akubali keki ya kukaanga iliyomiminiwa sukari ya unga, inayomwagikia shati na kumwachia njaa ileile? Jibu tunalo, kwa sababu tumelisikia kila siku tukiwa tumeshika fagio. Mgeni husimama mbele ya kaunta ya Mama Gulbanu, husoma ubao, humwambia mwenzake, “Sijui hiki ni kitu gani,” kisha huondoka. Hajui, na anageuza kutojua kwake kuwa sababu. Tumesoma chuo kikuu, hapo jirani na mtaa wa Jane na Finch, nadharia nzima nzima kuhusu hofu ya binadamu kwa kisichojulikana. Hakuna hata moja iliyotuandaa kumtazama mtu mzima akiukimbia muhogo.

Mama Gulbanu hakuwa na nadharia. Alikuwa na desturi. Katika duka la baba yake, Tabora, mnunuzi wa asali huonja kwanza. Huchovya kijiti, huonja, hutafakari, ndipo huulizwa anataka kiasi gani. Kumuuzia mtu asichokionja, kwa maadili ya duka lile, kunakaribia wizi. Kwa hiyo kila aliyesita mbele ya ubao alikatiwa kipande cha muhogo, akapewa juu ya karatasi, na Mama akamkodolea macho mpaka ameze.

“Tafuna kwanza, halafu ndio uniambie hupendi,” alikuwa akisema, kwa Kiswahili, kwa watu kutoka Mississauga wasiojua neno hata moja la Kiswahili. Walitafuna. Walinunua.

Kampuni ilipiga marufuku. Kanuni za vyakula za Larkspur zinakataza kugawa chochote bure, na tumeelezwa mara nyingi kwamba kipande cha muhogo chenye ukubwa wa kidole gumba ni hasara. Kampuni hiyohiyo hutupa jalalani kila jioni mikate inayoweza kulisha mtaa. Mama alionywa, akasikiliza kwa heshima, akaitikia “sawa, baba,” na kesho yake akaendelea. Alionywa tena. Akawakatia waonyaji vipande. Msaidizi wake, Almas, aliyeacha kupakia mizigo kule uwanja wa ndege, Malton, ili aje kufanya kazi naye, anasema msimamizi mmoja alirudi mara tatu kutoa onyo lilelile.

Hapa hatuna budi kusimulia mwaka 2011, ingawa simulizi hii haitupi sifa. Julai ya mwaka huo tulipata habari kwamba meneja wa vyakula angekuja kuichunguza kaunta, aone kama ina wateja wa kutosha kuendelea kuwepo. Gaspard wa dobi ya hoteli, Mkongomani mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akatoa hoja ambayo sote tuliiona ni ya kimapinduzi: watu wa mji huu wakiona foleni hujiunga nayo hata bila kuuliza inaelekea wapi. Basi sisi tuwe foleni. Siku ilipofika, kila aliyekuwa mapumzikoni akavua sare, akavaa nguo za nyumbani. Wakaja watu wa dobi, wafagiaji, wakata tiketi, tukajipanga kutoka kaunta hadi kwenye chemchemi.

“Mama, tumekuletea foleni!” Gaspard akatangaza.

Mama Gulbanu akatutazama. “Foleni gani hii? Ninyi si nimewalisha saa tano?”

“Nyamaza, Mama, meneja anakuja.”

“Mtu amekula, anasimamia nini tena?”

Lakini hila yetu ilifanya kazi, na hapo ndipo ilipotuangamiza. Wageni wa kweli walianza kuja. Familia moja ikasimama nyuma ya Gaspard, aliyekuwa amekwenda kushika mwisho wa foleni. Gaspard, aliyelelewa Bukavu na mama asiyecheza na adabu, hakuweza kuvumilia kumtangulia mgeni. Akajitoa pembeni. “Pitia mbele, mama, pitia tu.” Wa mbele yake naye akageuka, akaona mgeni yuko nyuma yake, akapisha. Na wa mbele yake naye vivyo hivyo. Familia ile ikasukumwa kwa “karibu, karibu” mpaka kwenye kaunta, ikahudumiwa papo hapo, ikaondoka na kuku wake. Ikaja nyingine, ikapishwa vilevile. Kila mgeni wa kweli alikula bila kusubiri. Na sisi, watu wale wale, sura zile zile, tukabaki tumesimama palepale alasiri yote kama nguzo za uzio.

Meneja alitutazama akiwa mbali, kwenye kivuli. Hitimisho lake lilisomwa wiki iliyofuata: chakula kina wateja wengi, ila huduma ni ya polepole mno, foleni haisogei. Hukumu ikawa kuondoa vyakula vinavyochukua muda. Kuku wa nazi akafutwa ubaoni. Mbaazi zikafuata. Tuliiokoa adabu, tukampoteza kuku. Tulipokwenda kumwomba radhi, Mama Gulbanu alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la viazi. “Mmenifukuzia kuku kwa heshima,” alisema. Sisi hatukucheka. Hatujacheka mpaka leo.

Agosti mwaka huu, Mama alipotoa taarifa ya kustaafu, kampuni ilijibu kwa pongezi, kisha ikatangaza kwamba kaunta itastaafu pamoja naye. Mahali pake pangewekwa mashine ya barafu tamu ya rangi ya bluu. Bluu! Hakuna tunda la rangi ile katika uumbaji wote. Wafanyakazi wa msimu tulifanya mkutano, tukapaza sauti, tukaazimia kwamba hakuna atakayegusa fagio wikiendi ya mwisho ya msimu. Uongozi ukatetereka, ukaja na pendekezo: kaunta itafungwa, lakini muhogo utahamishiwa kwenye lango kuu, ambako kila mgeni lazima apite, iwapo Mama Gulbanu ataifundisha kampuni namna ya kuupika. Ungeletwa ukiwa umegandishwa na kupashwa moto ndani ya mashine.

Msimamo wetu ulikuwa wazi: hapana. Ujuzi wa mwanamke huyu hauchukuliwi kwa tabasamu na kupelekwa kwenye mashine. Tulimweleza hivyo, kwa kirefu, kwa vifungu. Alitusikiliza akiwa anautoa muhogo ule uzi mgumu wa katikati. Kisha akamwambia mmoja wetu, yule aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote, na ambaye hatutamtaja: “Mwanangu, wewe unapenda vita kuliko unavyopenda muhogo.”

Akaingia mkutanoni peke yake, na kilichotokea tumesimuliwa na Almas, aliyeitwa ndani baadaye. Mama alisema atafundisha, kwa masharti. Muhogo usigandishwe, uchemshwe asubuhi palepale langoni. Na mpishi awe Almas, kwa cheo na mshahara wa mpishi, si wa msaidizi. Meneja akauliza maswali, akapiga simu, akakubali. Kisha akasema kuna jambo moja lisilojadiliwa: kuonjesha watu bure kukome kabisa. Mama Gulbanu akachukua mkoba wake. “Hilo msiniulize mimi,” akasema. “Mimi nastaafu. Mwulizeni Almas.”

Wakamwuliza Almas. Almas akajibu, “Sawa, baba.”

Kwa kuwa wakubwa hawasomi Kiswahili, tunaweza kuwahakikishia wasomaji kwamba tunafahamu vizuri sana jibu hilo lina maana gani likitoka katika jiko lile. Mei ijayo, lango likifunguliwa, mtu asiyejua muhogo ni nini atasimama mbele ya Almas akiwa tayari kukimbia, na hatafika mbali.

Je, tumeridhika? Hatujaridhika. Kuku wa nazi bado yuko uhamishoni. Supu ya njegere bado imefichwa. Na kwa hafla hii ya kumuaga mpishi bora aliyewahi kuajiriwa Larkspur, kampuni imetutumia piza, na imefika ikiwa baridi. Tutaendelea kudai, tutaendelea kununa, na tunamwomba Mama asituonee huruma, kwani hasira hii tumeichagua wenyewe.

Mama Gulbanu, asante kwa chakula cha saa tano ulichotulisha sisi wa zamu, hasa wale tuliokuja na daftari na mfuko mtupu. Asante kwa kutugombeza. Asante kwa kutuzidi akili pale mkutanoni, jambo ambalo itatuchukua msimu mzima kulisamehe. Kuanzia Jumatatu hakuna basi la alfajiri, hakuna karai, hakuna onyo la kuitikia. Ugomvi uliobaki tuachie sisi, kaa kitako. Tunakutakia afya, usingizi mrefu, na uzee wa kupikiwa.