Mardhiya Mansour na Damu ya Watu wa Paje

Assalaam alaykum, mabwana mliopo barazani na mabibi mliopo ndani. Mimi ni Muhiddin Mansour, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenitaka nikusomeeni maisha ya dada yangu kabla hatujamtoa kwenda msikitini, nami nitasoma mbiombio, kwa sababu wamo katika hadhara hii watu ambao hawakutakiwa kuwepo, na wenyewe wanajijua.

Marehemu Mardhiya alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968 hapa Malindi, Mji Mkongwe, mtoto wa kwanza wa Mzee Mansour Mkubwa, aliyekuwa mtunza miche ya mikarafuu Kizimbani, na Bi Mize. Alianza skuli mwaka 1975, akamaliza kidato cha sita mwaka 1988, na tangu udogo alikuwa hakuachi mpaka useme jambo sawasawa, tabia iliyotuchosha sana nyumbani.

Aliajiriwa maabara tarehe 2 Julai 1991, akaolewa na shemeji yetu Nadir Abrahman tarehe 12 Agosti 1994, wakajaaliwa Shemsa na Hamad, watoto waliojua kusoma joto la friji kabla ya kujua kufunga viatu.

Mwaka 2014 aliingia katika kazi ya chanjo ya malaria, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanza, kwani kila harusi na kila futari tulisomeshwa. Chanjo ile hubebwa na kirusi, na ukoo mzima ulimuuliza, mwaka baada ya mwaka, vipi mtu mwenye akili zake atamdunga mwenzake kirusi, naye akajibu, mwaka baada ya mwaka, kwamba kirusi hicho kimeng'olewa meno, hakiwezi kuzaana, kazi yake ni kuuonesha mwili sura ya kimelea cha malaria tu. Alisema kingamwili za kwenye damu humkamata malaria akiwa njiani, lakini akishajificha ndani ya ini hazimpati, zinatakiwa seli T, ambazo huitambua seli ya ini iliyoingiliwa na kuiua pamoja na mgeni wake. Shangazi yetu Amne alisikiliza haya miaka kumi, na jana usiku kaniuliza tena.

Tarehe 9 Machi 2019 watu wa Paje waliojitolea kwa majaribio walitakiwa kutoa damu, ili seli T zao zihesabiwe zikiwa hai. Siku hiyo akafariki Mzee Ahmada, jirani yao, na wote, bila ya kubaki hata mmoja, wakaenda kumzika Makunduchi, kwani kwetu anayekosa maziko ya jirani hutajwa mpaka kwenye harusi za wajukuu zake. Damu ya kesho yake haikufaa, kwani hesabu ilitaka siku ile ile, kundi likafutwa, kazi ikaanza upya. Dada alikwenda kuhani, akalia mpaka akashikwa mikono, na watu wakasema kumbe Mzee Ahmada alikuwa anapendwa na wataalamu.

Maradhi ya moyo yalimpata Septemba 2024, na akafariki jana, Jumanne tarehe 20 Januari 2026, baada ya sala ya magharibi. Asubuhi yake aliniita akanambia, "Muhiddin, watu wa Paje wana kutoa damu kesho, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya majaribio. Nikifa wasije. Nawajua mie." Nikampigia sheha wao, mkubwa wa mtaa wao, Bi Sichana, usiku ule ule, akautangaza wasia huo kwa kipaza sauti, wakasikia wote, na leo saa moja asubuhi wa kwanza kuteremka garini alikuwa Bi Sichana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Malindi waliopika na kutandika majamvi, na wenzake wa kazini, hasa Bi Zuleikha, ambaye hayupo, kwa sababu yuko Paje na sindano zake katika kituo kitupu.

Sasa nakwambieni nyinyi wa Paje, na nnajua nasema neno zito mbele ya jeneza. Kuzika ni faradhi ya kutosheleza, wakiifanya wachache wengine imewaondokea, na wanaume wa Malindi wanatosha kumbeba dada yangu, hakuwa mzito. Damu yenu hakuna wa kukutoleeni. Magari yenu yameshageuzwa, mashine ya kuhesabia seli inazimwa alasiri, kwa hiyo inukeni sasa hivi, kabla ya jeneza kutoka, na nyinyi mliobaki msiwaangalie kwa jicho baya, wanaondoka kwa wasia wa maiti.

Naam, Bi Sichana, tangulia wewe.

Dada Mardhiya, wanatoka, viatu ndivyo hivyo wanavitafuta. Umenichosha maisha yangu yote, na sijui nitachoshwa na nani tena. Pumzika kwa amani.