Kefa Amugune na Mzeituni wa Shika Adabu

Mchungaji, wazee wa kanisa, Mzee Boga na jamaa zako, majirani wa Shika Adabu na Bofu, na ninyi wa bandarini mliovuka feri asubuhi hii, familia inawaomba msogee kivulini, kwa maana marehemu alipenda maneno marefu na historia yake haikubali kukatwa.

Kefa Amugune alizaliwa tarehe 14 Machi 1926 huko Maragoli, mtoto wa pili wa Mzee Amugune na Mama Rasoa, akimfuata Dishon, ambaye ndiye anayewasomea haya. Alisoma katika shule ya misheni ya kijijini kuanzia mwaka 1935 hadi 1942, na mwalimu wake alimsifu kwa mwandiko na kumlaumu kwa ubishi, mambo mawili ambayo hakuyaacha mpaka mwisho.

Mwaka 1947 alipanda gari la moshi akaja Mombasa, akaanza kazi ya upagazi Kilindini, na mwaka 1952 akafanywa karani wa ghala. Tarehe 18 Desemba 1954 alifunga ndoa na Margret Kageha, na Mungu akawajalia watoto watatu, Rasoa aliyezaliwa mwaka 1956, Tito aliyezaliwa mwaka 1958, na Rehema aliyezaliwa Februari 1962, ambaye jina lake lina sababu yake, nayo tutaifikia.

Mwaka 1957 Mzee Boga alimkaribisha ajenge nyumba ya udongo na makuti katika shamba lake hili, kwa sharti analolijua kila mpangaji wa pwani, kwamba nyumba ni ya aliyeijenga lakini ardhi ina mwenyewe, kwa hiyo apande mchicha, mihogo na mahindi kadiri awezavyo, ila asithubutu kupanda mti wa kudumu, uwe mnazi, mwembe au mkorosho, kwa sababu mwenye mti huja siku moja akadai na mchanga ulio chini yake. Kefa alikubali, na alikubali kwa nia safi.

Sasa mwaka 1958 kulikuwa na meli iliyokaa gatini muda mrefu ikitengenezwa, na mpishi wake, Mgiriki mmoja mwenye huruma, alikuwa na miche miwili ya mizeituni ndani ya madebe ya mafuta, akaona itamfia kwa joto la jikoni, akampa Kefa. Kefa alivuka nayo feri akiwa ameikumbatia kama mtu aliyebeba pacha, watu wakamcheka wakamwita Bwana Zeituni, naye akalipenda jina hilo kuliko alivyopenda ukarani wake. Mche mmoja ulikufa mapema kwa kunyweshwa maji mengi mno, na hadi leo haijaamuliwa kama mkosaji ni Kefa au ni Margret, maana kila mmoja alimwagia akidhani mwenzake amesahau. Wa pili aliuwekea mchanga na vipande vya matumbawe, akaunyima maji kwa makusudi, akaupogoa matawi ya chini, akauweka nyuma ya jiko palipo na jua la kutwa nzima, nao ukastawi kwa majani yenye rangi ya fedha upande wa chini, jambo ambalo alimwonyesha kila mgeni kabla hata ya kumpa kiti.

Kwa hesabu ya Kefa, mti ulio ndani ya debe haujapandwa, umewekwa tu. Lakini hewa ya bahari haina hesabu hizo, ikalila debe lile kutoka chini, na mizizi ikatoka ikajitafutia njia. Mwezi Agosti 1961 Mzee Boga alipita kujulia hali, akauegemea mti ule, akaona hautikisiki, akainama, akaona kilichobaki cha debe ni ukingo wa juu uliouzunguka mti kama bangili. Wote mliopo mnajua hasira za Mzee Boga, na yeye mwenyewe ametupa ruhusa kuzisema. Alimpa Kefa hadi Ijumaa aung'oe, la sivyo avunje nyumba ahame, na wala hakuwa akionea mtu, alikuwa akilinda ardhi ya babu zake dhidi ya jambo ambalo limewapokonya wengi.

Kefa aliogopa kweli. Alikuwa na mke mwenye mimba na watoto wadogo wawili, na Alhamisi hiyo alinoa panga lake mwenyewe ili aukate, ndipo mama yake Mzee Boga, Bi Mwanarehema, alipotoka Bofu kwa miguu na mkongojo wake, akauliza huo mti unaoleta fitina waitwaje, akaambiwa mzeituni. Akauzunguka, akaushika majani, kisha akasema, na maneno yake tunayaweka kama alivyoyatoa, "Wallahi, mti uliotajwa ndani ya Msahafu hautiwi panga uani kwetu nami ni hai." Mzee Boga akamjibu, "Naam, mama," na kesi ikaishia hapo. Mbele ya mashahidi wakapatana kwamba mti ni wa shamba na Kefa ni mtunzaji wake, na mtoto aliyezaliwa Februari akapewa jina Rehema.

Tangu hapo mti ule ukawa na wenyewe wengi. Kila Jumapili ya Matawi kanisa lilipata matawi yake, Mzee Boga akinung'unika kwamba Wakristo wanaunyoa mti wa watu, ingawa ni yeye aliyekuwa akileta wageni kuutazama hata saa za chakula. Mwaka 1962 bwana shamba alimweleza Kefa kwamba mzeituni hauzai pasipo baridi, na kwa hiyo hapa hautatoa hata punje moja, Kefa akamshukuru kwa adabu, akaendelea kuwaahidi majirani zeituni za mwaka ujao.

Mwezi Mei mwaka huu wa 1963 miguu yake ilianza kuvimba, na madaktari wakaona ni figo. Alilazwa mara mbili, Julai na Oktoba, na ugonjwa wake uliangukia wakati ambapo sokoni na kwenye feri palikuwa na maneno kwamba Uhuru ukija watu wa bara warudi kwao. Margret alikwisha funga masanduku. Kefa hakumkataza, ila alimwambia kwamba yeye akifa angependa alale hapa, kisha akamwomba asimwambie mtu, kwa kuwa kaburi ni zito kuliko mti na hakutaka kumtia Mzee Boga majaribuni tena. Tarehe 12 Desemba aliwekwa kwenye kiti uani, akasikia shangwe za Uhuru, akafurahi sana, na Ijumaa tarehe 20, saa nne asubuhi, akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 37.

Dishon alifika akiwa amekwisha panga na watu wa reli namna ya kumrudisha Maragoli, na Margret, kwa kuheshimu ombi la mumewe, alinyamaza. Jana Jumapili Mzee Boga alikuja na jembe begani, hakuna aliyemwita wala aliyemwomba, akasimama mbele ya nyumba akasema, "Mti aliupanda bila idhini yangu, nikamkasirikia. Kaburi nampa mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, na mkewe na wanawe asiwaulize mtu watahama lini." Margret alilia kwa sauti, ndipo akatuambia ombi aliloachiwa na mumewe, na Dishon, ambaye si mtu wa kulia, alilazimika kwenda nyuma ya jiko.

Kwa hiyo familia inashukuru. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, makarani na wapagazi waliopokezana kumvusha feri kwenda hospitali, kina mama wa kanisa, majirani waliotuletea maji na mikeka, Tsuma na Fondo, wana wa Mzee Boga, waliochimba kaburi kwenye mwamba mgumu tangu alfajiri, na Bi Mwanarehema, ambaye hivi sasa yuko ndani amemshika Margret mkono. Mzee Boga, tumekosa neno la kukutosha, tunasema asante.

Ndugu yetu Kefa, masanduku yamefunguliwa na safari ya reli imefutwa. Pumzika kwa amani, unazikwa kwenu.