Milango Mia Tatu na Kumi na Miwili ya Fundi Bawaba

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mafundi mlioacha kazi zenu asubuhi hii, familia imenituma mimi, binti yake wa kwanza, nisome maisha ya baba yetu, na mama amesema nisome yote, pamoja na yale ambayo watu huyaruka msibani.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Bawaba, alizaliwa tarehe 2 Februari 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, katika chumba cha kupanga nyuma ya stesheni, ambako baba yake alikuwa karani wa mizigo. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akapelekwa kujifunza useremala kwa mjomba wake, mzee mkali aliyemnyima hata nyundo kwa miezi sita, mpaka alipojua kunoa randa.

Mwaka 1977 aliajiriwa karakana ya milango na madirisha, na tarehe 12 Agosti 1984 alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa shule ya bweni, ambaye walijuana baba alipokwenda kutengeneza kabati la jikoni, kazi ya siku moja aliyoifanya kwa wiki mbili, na mama mpaka leo anasema kabati lile halikuwa na ugonjwa wowote. Walijaliwa watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, sote tuko hapa.

Sasa niseme habari ya vyumba. Baba hakuweza kukaa na kitu kibovu, kila tulipohamia alinyoosha mlango uliokwaruza sakafu, akaziba dari, akabadilisha fremu ya dirisha, akapaka rangi, na mwenye nyumba akipita mwisho wa mwezi akakuta chumba kinang'aa, alipandisha kodi pale pale, nasi tukafunga virago. Tulihama mara nane kati ya mwaka 1985 na 2003, mara zote nane tukimwachia mtu mwingine jasho la baba, na yule mwenye nyumba wa tano hakuona haya kumwambia kuwa chumba kizuri namna ile hakifai kwa mpangaji wa hali yake, na baba, badala ya kumtolea uvivu, alimshukuru kwa kuisifu kazi.

Tulipoingia chumba cha tisa, Novemba 2003, mama alimwapisha asiguse kitu. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa unavuja maji kutoka bomba la jirani, dirisha halikufunga, na baba, fundi anayetafutwa mji mzima, alikaa humo miaka ishirini na moja akiutazama ukuta ule huku mikono ikimwasha, kwa sababu kuutengeneza kulikuwa ni kufukuzwa.

Mwaka 2009 serikali ilianza kujenga nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini, na baba akapata kazi ya kupachika milango, mia tatu na kumi na miwili kwa mkono wake. Alirudi nyumbani kila jioni akitueleza kuwa dawa ya kodi isiyoshikika ndiyo hiyo, serikali ijenge, imiliki, na ipangishe kwa bei ya mtu wa mshahara mdogo, maana huruma ya wenye nyumba ameshaingojea vya kutosha. Tarehe 14 Machi 2011 alijiandikisha kuomba mojawapo ya nyumba hizo, akapewa namba 46.

Mwaka 2014 mwalimu mmoja alimwita akamtengenezee kitasa, na baba alipofika alikuta mlango alioupachika mwenyewe, na mwalimu yule, masikini, alikuwa amepangishwa kwa bei ya kuumiza na mtu mwenye nyumba zake mbili kwingine, aliyegawiwa nyumba ile bila kulala humo hata siku moja. Baba alitengeneza kitasa, kesho yake akaenda ofisi ya nyumba kueleza, akaambiwa suala lake linashughulikiwa, na jibu hilo hilo alilipata kila alipokwenda, kwa miaka kumi. Hilo linatuuma, na hatutalifunika kwa maneno ya msibani.

Baba alianza kukohoa mwaka 2019, akalazwa mara ya kwanza Septemba 2024, na daktari alipouliza anaishi vipi, akaambiwa habari ya ukuta, alisema kuwa unyevu na ukungu ule ndio uliomla mapafu. Mama amejilaumu tangu siku hiyo kwa kile kiapo, na sisi wanao tunasema mbele ya watu wote hawa, mama, si wewe.

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi. Jumatano ililetwa barua kwamba serikali imewanyang'anya waliokuwa wakipangisha nyumba zake kwa wengine, na namba 46 imepata nyumba. Tulipoipeleka ofisini tuliambiwa kuwa haki ni ya mwombaji peke yake, fomu ina mstari mmoja tu wa jina, kwa hiyo mjane aanze upya, nyuma ya foleni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolala msibani na mama, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili na kukataa malipo. Tunamshukuru pia ofisa wa nyumba, tunayemwona pale karibu na spika, na tunamjulisha mapema, ili asishtuke, kwamba Jumatatu tarehe 16, saa mbili asubuhi, mama atakuwa mlangoni pa ofisi yake na kitanda chake, sufuria zake na barua ya mumewe, na sisi sote nyuma yake, na ufunguo wa chumba cha tisa tumeshaurudisha.

Pumzika, baba, hapo ulipo hakuna wa kukuhamisha.