Fimbo ya Kuvulia ya Dada Verna

Benchi letu liko nje ya duka la chambo la Claudette, pale barabara ya changarawe inapoishia ziwani. Kahawa yake inachemka tangu alfajiri, na ikifika saa nne imekuwa lami. Tunaokalia benchi ni watatu. Bohdan, mstaafu wa reli, tunamwita Profesa, maana alisoma katalogi moja ya vifaa vya uvuvi na haijamtoka kichwani. Urho ni Pauni Thelathini, kwa sababu ya yule paiki aliyemponyoka zamani, samaki mwenye mdomo kama wa mamba. Siku alipomponyoka alikuwa na pauni kumi na nane, lakini anaendelea kunenepa. Mimi naziba mitumbwi, basi naitwa Kiraka. Wiki hiyo barafu ilikuwa imeyeyuka yote, na watu walikuwa wakiyatazama maji kama watu waliofunga wanavyotazama sufuria. Ndipo Verna Keesick akaja, anatembea polepole, mkono wa kushoto kautia mfukoni.

— Sogeeni, — akasema. — Nataka kuchagua fimbo ya kuvulia.

— Karibu shemeji, — akasema Pauni, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. — Fimbo ya nini tena? Si uliambiwa upumzike?

— Nimepumzika tangu Novemba. Nimechoka kupumzika.

Novemba ndipo kiharusi kilipompiga. Kabla ya hapo aliendesha basi la shule miaka ishirini na miwili, kwenye theluji na matope, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefika nyumbani akilia. Mguu ulirudi. Mkono wa kushoto ulirudi nusu: bega linafanya kazi, kiwiko kinakunja, lakini vidole havishiki hata kikombe.

— Naenda na ndugu yangu Loretta na mumewe Amos, — akasema. — Siku kumi na moja kwa mtumbwi, kwenda na kurudi, mpaka Ziwa la Korongo, alikozaliwa mama yetu. Kuna sehemu kumi na tatu za kushuka na kubeba kila kitu begani. Wao wanapiga kasia. Mimi nalisha.

— Unalishaje?

— Kwa samaki, Profesa. Au ulifikiri nitanyonyesha?

Pauni alimwaga kahawa kwa kucheka. Lakini Verna hakucheka. Alituambia kwamba Loretta anataka wabebe chakula cha siku zote, na mzigo huo ukizidi hawatavuka hata nusu ya zile sehemu za kubeba. Wakibeba unga, mafuta, mchele wa mwitu unaoota ziwani na chai tu, watafika. Kilichobaki lazima kitoke majini, na kitolewe na yeye.

— Tangu tulipokuwa wasichana mimi ndiye nalisha kambi, — akasema. — Sitakaa katikati ya mtumbwi kama gunia.

Hapo ndipo mahakama ikafunguliwa.

— Sikiliza, — akaanza Profesa. — Fimbo ya vipande sita. Inakunjika, inaingia kwenye soksi. Porini fimbo ndefu inavunjika kwenye vichaka kabla hujaona maji. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, ndiyo maana nasema akainunue sasa hivi!

— Vipande sita ni viungo vitano, na kila kiungo ni kidonda, — nikasema. — Vipande viwili vinatosha.

— Nyie watoto wadogo, — akasema Pauni. — Achukue fimbo nzito, na mshipi wa kusuka wa kuvuta basi. Paiki wa Ziwa la Korongo hana adabu. Yule wangu wa pauni thelathini na mbili...

— Jana alikuwa thelathini!

— Jana sikuwa nimemkumbuka vizuri.

— Mshipi wa kusuka unapiga mluzi kwenye maji, — akasema Profesa. — Samaki anasikia. Anajua wewe ni nani, umetoka wapi, na jana ulikula nini.

— Unapiga kamba, Profesa.

— Kamba? Nenda kaulize samaki!

— Basi asichukue gurudumu la mshipi kabisa, — akasema Pauni, kapandwa na mori. — Afunge mshipi kwenye pua ya mtumbwi. Paiki akiuma, awavute mpaka Ziwa la Korongo, Amos aweke kasia chini alale. Kwa nini mnapenda kuhangaika? Lakini shemeji, tuseme ukweli, fimbo yoyote ina kazi mbili, kushika na kuzungusha. Na kidole kimoja hakivunji chawa.

Methali ilishatoka. Pauni alikuwa mwekundu mpaka masikioni, akaangalia kikombe chake kama kimemtukana.

— Mimi siendi kuua chawa, Urho, — akasema Verna. — Naenda kuvua. Leteni hizo fimbo.

Tukazileta. Kwenye changarawe mbele ya duka kuna tairi kuukuu la trekta. Tulihesabu hatua kumi na tano, tukamfungia kipande cha risasi mwishoni mwa mshipi, bila ndoana, tukakaa.

Akaanza na fimbo ya Pauni. Alirusha kwa mkono wa kulia, vizuri tu, kisha akaibana fimbo kwenye kwapa la kushoto ili mkono ule ule wa kulia uzungushe gurudumu. Fimbo ikateleza, gurudumu likagonga mawe. Akaokota. Ikateleza tena. Mara ya nne Pauni akainuka kumsaidia.

— Kaa chini.

Akakaa.

Profesa akaleta gurudumu lililofunikwa, lile la kubonyeza kwa kidole gumba, ambalo wanaanzia watoto. Lilikuwa na picha ya bata. Profesa mwenyewe aliona haya, akaifunika kwa kiganja.

— Bata hanisumbui, — akasema Verna. — Mpini ndio unanisumbua. Ni mfupi, haufiki kwapani.

Alirusha mara tano, na mara tano fimbo ikamponyoka wakati wa kuzungusha. Jasho lilikuwa linamtoka. Nilitaka kusema basi, dada, tujaribu kesho, lakini nikamwona anautazama mkono wa kushoto, bila huruma, kama fundi anavyotazama gari.

— Kiraka, — akasema. — Bega langu lina nguvu. Kiwiko kinabana. Hivi vidole sivihitaji. Nahitaji kitu cha kubana ambacho hakitelezi. Wewe una mbao?

Nilikuwa nazo. Tulikaa karakanani siku tatu. Tulichukua fimbo ya vipande viwili, futi sita na nusu, nyepesi kiasi, ngumu kiasi. Mpini wake nikauunganisha na mti wa kasia lililovunjika, nikachonga upinde wa kukaa kwapani, akaujaribu, akaukataa. Nikachonga mwingine, akaukataa. Wa tatu alisema unamuumiza mbavu, nikapunguza. Chini yake nikaweka utepe mpana wa kiti cha mtumbwi, kiwiko kipite humo. Gurudumu tulichukua la kawaida, la wazi, tukahamishia kishikio chake cha kuzungushia upande wa kulia. Profesa ndiye aliyejua skrubu gani ifunguliwe, lazima nikubali.

Mshipi akachagua mwenyewe. Wa kusuka ulikuwa mwembamba na mlaini, na alipojaribu kufunga fundo kwa mkono mmoja na meno, ukateleza kila mara.

— Unateleza kama ulimi wa Urho, — akasema.

Akachukua ule wa plastiki unaohimili pauni kumi, mgumu kidogo, unaokaa na umbo unalopewa. Akaubana kwa meno, akaupitisha kwenye tundu la ndoana, akauzungusha mara tano kwa kidole cha shahada, akarudisha ncha, akavuta. Fundo likakaza. Akampa Pauni alivute. Pauni akavuta kwa mikono yote miwili, na halikulegea.

Siku ya nne akarudi kwenye changarawe. Mrusho wa kwanza ukapita tairi. Wa pili ukaangukia pembeni. Wa tatu risasi ikaingia katikati ya tairi, tukaisikia inagonga mpira, naye akabana, akazungusha mpaka mwisho, fimbo kwapani imetulia kama imeota pale.

Claudette alitoka dukani akapiga makofi. Pauni alijifanya nzi ameingia jichoni.

Waliondoka Jumanne, mwanzo wa Juni. Siku zile benchi lilikuwa baridi. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiria nini.

— Upinde ule uliugundisha vizuri? — Pauni aliniuliza.

— Vizuri.

— Vizuri kabisa?

— Urho, kunywa kahawa.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Verna akaja na fimbo yake mkononi. Uso umeungua jua, shingo imeliwa na mbu. Akakaa. Akanywa kikombe kizima kabla ya kufungua mdomo.

— Siku ya kwanza sikupata kitu, — akasema. — Tulikula mchele. Siku ya pili sikupata kitu. Amos alikuwa anautazama mfuko wa unga. Usiku sikulala.

— Na ya tatu?

— Ya tatu tulifika chini ya maporomoko. Nikaacha ndoana izame, nikahesabu mpaka kumi na mbili, nikaivuta taratibu. Ikaguswa, kama mtoto anapogusa nguo yako. Macho-kioo, yule samaki wa macho ya kung'aa. Nikatoa saba. Loretta aliwakaanga huku analia, akasema ni moshi.

Macho-kioo hana mpinzani kwenye kikaango, tulimeza mate sote.

— Na paiki? — akauliza Pauni kwa sauti ndogo.

— Ziwa la Korongo. Alinivuta mpaka mtumbwi ukageuka. Utepe ulinikaza kiwiko, bega likawaka moto, Amos akataka kushika fimbo nikamkemea. Nikamleta mpaka ubavuni. Chakula tulikuwa nacho, nikamwachia.

— Alikuwa na pauni ngapi?

— Sikumpima, Urho. Nilikuwa nacheka.

Pauni akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. Ni mara ya kwanza kumwona anaheshimu samaki wa mtu.

Ndipo gari likasimama. Akashuka mwanamume wa mjini, viatu vipya, mtumbwi mpya juu ya gari, na fimbo nane hivi zinachungulia dirishani. Alikuwa anaingia dukani, lakini akaiona fimbo ya Verna imeegemea benchi. Akasimama. Akautazama ule upinde, utepe, mpini mrefu.

— Samahani, wazee. Sijawahi kuona fimbo kama hii. Inauzwa duka gani?

Profesa, mwenye katalogi yote kichwani, alikuna kidevu. Pauni alinitazama mimi. Mimi nilitazama viatu vyangu, kwa kuwa nilikuwa natabasamu kama mpumbavu.

Verna akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi.

— Kaa kwanza, — akamwambia. — Nionyeshe mikono yako.