Utambi wa Jinzi: Maisha ya Dominiko Banzi, Fundi wa Fimbo za Moto

Ndugu waombolezaji, wasifu huu umeandikwa na dada wa marehemu, Felista Banzi, naye ndiye anayeusoma. Amejitaja kwa jina kama wasifu unavyotaka. Akikwama njiani mvumilieni, na tafadhali mtu asije kumpokonya karatasi kabla hajafika mwisho.

Marehemu Dominiko Stephano Banzi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981 hapa hapa Nyandira, mtoto wa pili wa hayati mzee Stephano na mama Yuliana, wakulima wa kabichi na karoti. Alipokuwa na miaka minne alichomoa kijinga jikoni akakizungusha hadi nyasi za paa zikashika. Mama alimwambia, “Wewe mtoto, moto umeshakuona.” Watu walicheka. Mama hakucheka, akaenda kuchota maji.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza mwaka 1995, kisha sekondari mjini Morogoro, akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Hesabu zilimpenda, Kiingereza kilimkimbia.

Mwaka 2004 alifungua karakana ya madirisha ya aluminiamu Mwembesongo. Jioni alicheza sarakasi kwenye harusi, na mabaki ya mabomba akayageuza fimbo za moto, za kuzungushwa zikiwaka, uani kwake. Alichukua bomba la mita moja na nusu, akashindilia kipande cha mti kila ncha, juu yake akaviringisha vipande vya jinzi kuukuu na kuvikaza kwa waya. Huo ndio utambi. Aliuchovya kwenye mafuta ya taa, petroli hata siku moja, akaukung'uta vizuri ndipo akawasha. Na kila jinzi, kabla haijaguswa na mkasi, alichomoa uzi akauchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huacha jivu. Ukiacha kidonge cheusi kinachonata, nguo hiyo ina plastiki, itayeyuka na kudondoka ikiwa inawaka. “Hiyo kavaeni disko,” alisema, “kwangu haiingii.” Na fimbo mpya ilikuwa lazima aiwashe yeye kwanza kabla ya kumpa mtu.

Tarehe 11 Julai 2009 alifunga ndoa na Scholastika. Siku hiyo alizungusha fimbo mbele ya wakwe, cheche ikatoboa kanga ya mama mkwe. Tangu hapo kila Krismasi alimpelekea kanga mpya, na kila Krismasi mama mkwe aliuliza, “Baba, na hii umeshaiwasha?” Felista naye alicheka na wenzake, lakini kazi ile hakuipenda kamwe. Simu ikilia jioni, aliipokea akitegemea habari mbaya.

Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, mpwa ndiye mtu wa ukoo, na Grace, binti wa Felista, sasa ana miaka ishirini na mitatu, alimfuata mjomba wake katika ufundi huo. Aliomba fimbo yake mwenyewe. Felista alikataa miaka miwili, mwishowe akachoka kubishana. Jumamosi tarehe 18 Januari 2025 alikwenda mwenyewe mitumbani kununua jinzi mbili. Ya pili ilivutika mkononi, kama nguo zenye plastiki. Aliisikia ikivutika. Lakini mlima ulikuwa umeshakuwa mweusi, mvua inateremka, muuzaji anafunika turubai, akasema moyoni, jinzi ni jinzi. Alipofika uani kwa mdogo wake, marehemu akatafuta kiberiti. Felista akamwambia, “Weka hicho, nyuzi nimeshachoma zote. Pamba tupu.” Hakuwa amechoma hata mmoja. Marehemu akarudisha kiberiti mfukoni, maana aliyesema ni dada yake.

Kesho yake Grace alifunga utambi mbele ya macho ya mjomba wake, na jioni marehemu akaiwasha fimbo hiyo yeye kwanza. Mizunguko miwili ilikwenda vizuri. Wa tatu, utambi wa ncha moja uliyeyuka ukamdondokea shingoni na kifuani, ukanata. Grace alimfunika blanketi lililoloa, kama alivyofundishwa, akamzima.

Alilazwa siku kumi na saba. Siku ya tisa aliuliza, “Dada, uzi uliuchoma kweli?” Felista akajibu, “Niliuchoma.” Marehemu akasema, “Basi Grace hakukaza waya. Msimgombeze.” Alifariki Jumatano tarehe 5 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiamini hivyo.

Tangu msiba uanze, jikoni kunasemwa kwamba mkono wa Grace una nuksi, na kwamba siku ya arobaini, jina la marehemu linaporithiwa, asipewe jina la mjomba wake. Felista amesikia yote, akaendelea kumenya vitunguu. Grace naye ameyaamini. Leo ni siku ya tatu hajatia kitu mdomoni.

Marehemu ameacha mama yake, bi Yuliana. Mjane wake, Scholastika. Watoto wawili, Theresia na Frank. Mpwa wake Grace, aliyekaza waya barabara na ambaye hana kosa lolote, na jina la mjomba ni lake. Na dada mmoja, aliyemdanganya mara mbili.

Domi, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Grace, mwanangu, njoo mbele hapa usimame na ukoo wako. Mimi nitarudi nyuma.